Sharti Moja Nje ya Mabano

Ndugu zangu, itifaki imezingatiwa. Nawashukuru walioandaa mkutano huu, na nawashukuru zaidi ninyi mliotoka Muheza na Pangani alfajiri ili muwahi. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuongeza masharti ya kuchuja kwenye maswali ya hifadhidata kwa kutumia kiunda swali, yaani zana inayokutungia SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, kutokana na vipande vya msimbo wako. Wengi wenu mnaifanya kazi hii kila siku, na kwa macho ni kazi ndogo: unaandika where, neno linaloanzisha sharti, unaweka mshale, unaandika where nyingine, unasonga mbele. Mimi katika miaka yote ya kuandika programu nimevunja vitu vingi vikatengenezeka, lakini mahali pekee ambapo najua kwa hakika mkono wangu ulimuumiza mtu ni hapo, kwenye where. Ndiyo maana nilipoitwa sikukataa.

Nianze na kisa chenyewe.

Natunza mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa. Vikundi ni vingi, seva ni moja, hifadhidata ni moja. Jedwali la wanachama nalo ni moja, na kila mstari una safu ya kikundi_id inayosema huyu ni wa kikundi gani. Mweka hazina akiingia kwenye mfumo anapaswa kuona watu wake tu. Hiyo ndiyo ahadi tuliyowapa tulipowaomba waache madaftari yao, yale ya jalada gumu yanayofungiwa kabatini, na waamini kwamba kabati letu lina kufuli kama lao.

Siku moja mweka hazina mmoja, mama mtu mzima, alinipigia simu akasema nifike kwake, si jambo la kuzungumza hewani. Nikafika, nikamwamkia, akanisogezea kigoda. "Mwanangu, hebu tazama hapa. Nilikuwa natafuta namba ya mwanachama wangu, nikaandika tarakimu nne za mwisho. Wa kwanza ndiye. Huyu wa pili si wifi yangu huyu?"

Alikuwa wifi yake kweli. Majina yote matatu, namba ya simu, na salio la akiba, katika kikundi cha mtaa mwingine ambacho watu wa nyumba ile hawakujua kama amejiunga. Mama akaniangalia, kisha akakifunika kioo cha simu kwa kiganja, kama mtu anayemsitiri mwenzake aliyepitiwa na upepo. "Kaka yangu hajui hili," akasema.

Hapa hakuna asiyejua kwa nini mwanamke huweka fedha mahali ambapo wakwe hawaoni. Inaweza kuwa ada ya mtoto. Inaweza kuwa nauli ya kurudi kwao siku mambo yakiharibika. Yule mama alinyamaza na siri ile, Mungu amlipe. Lakini mimi nilirudi nyumbani nikijua kwamba usalama wa siri ya mtu ulibaki mikononi mwa wema wa wifi yake, kwa sababu ya kitu nilichokiandika.

Nilichokiandika ni hiki. Kisanduku cha kutafutia kilikuwa kinatafuta kwa jina. Baadaye wakaomba kitafute kwa simu pia, nami nikaongeza mstari mmoja:

$swali->where('kikundi_id', $kikundi)
      ->where('jina', 'like', "%$neno%")
      ->orWhere('simu', 'like', "%$neno%");

Isomeni kwa haraka, haina kosa. Inaonekana kusema: wa kikundi hiki, jina lifanane na neno, au simu ifanane na neno. Lakini kiunda swali hakisomi nia ya mtu. Kinashona vipande kwa mpangilio uliovileta, na hifadhidata inapokea hivi:

where kikundi_id = 7 and jina like '%4518%' or simu like '%4518%'

Katika SQL, and (na) hufunga kwa nguvu kuliko or (au), kama vile kuzidisha kunavyotangulia kujumlisha katika hesabu za darasa la nne. Kwa hiyo sentensi inagawanyika vipande viwili. Kipande cha kwanza: wa kikundi cha 7 ambao jina lao lina 4518. Kipande cha pili: mtu yeyote, wa kikundi chochote, ambaye simu yake ina 4518. Ukuta wa kikundi ulibaki umesimama upande mmoja wa neno or, na upande wa pili ulikuwa uwanja wazi.

Dawa yake ni mabano mawili. Katika Laravel, zana ya kutengenezea programu kwa lugha ya PHP, unampa where funksheni, yaani kipande cha msimbo, badala ya safu, na kila kilichomo ndani ya funksheni hiyo kinazungushiwa mabano:

$swali->where('kikundi_id', $kikundi)
      ->where(function ($q) use ($neno) {
          $q->where('jina', 'like', "%$neno%")
            ->orWhere('simu', 'like', "%$neno%");
      });

Sasa sentensi inasema: wa kikundi cha 7, na kati yao, jina au simu. Wanaotumia Knex ya JavaScript wanafanya vivyo hivyo kwa funksheni. Wanaotumia Django ya Python wana Q, vifurushi vya masharti, ambazo unaziunganisha kwa alama ya mstari wima kisha unaziingiza kwenye filter, ambayo ndiyo where yao, na SQLAlchemy, nayo ya Python, ina or_ ambayo inabeba masharti yake ndani kama kikapu. Majina yanatofautiana. Kinachotafutwa ni kilekile: kila "au" iwe na nyumba yake, na nyumba hiyo isiguse ukuta wa nje.

Nataka nikae kidogo juu ya kwa nini sikuiona. Watu husema ni uzembe, nami nilijilaumu hivyo kwa muda. Lakini kuna sababu iliyo ndani ya zana yenyewe. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM kule San Jose, California, alitoa andiko lililopendekeza data ikae katika majedwali, na mtu aseme anataka nini bila kueleza mashine ipite njia gani kukipata. Mwaka 1974 wafanyakazi wawili wa kampuni hiyohiyo, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakatoa lugha waliyoiita SEQUEL, ambayo leo tunaijua kama SQL. Waliitaka ifanane na sentensi ili hata asiye mwandishi wa programu aweze kuuliza. Chagua hiki, kutoka jedwali hili, pale ambapo hivi na hivi. Sentensi nzima iko mbele ya macho yako, na ukiwa nayo mbele ya macho, or iliyokaa vibaya unaweza kuisikia.

Kiunda swali kiliikata sentensi hiyo. Sharti la kikundi liko kwenye faili moja, la jina liko kwenye jingine, la tarehe linaongezwa na mwenzako wiki ijayo ndani ya if. Ni uhuru mkubwa, na siwezi kurudi kuunganisha maneno kwa mkono. Ila hakuna mtu katika timu aliyewahi kuisikia sentensi nzima ikisemwa. Inazaliwa mashine inapofanya kazi, inajibiwa, inapotea.

Kwa hiyo nina desturi mbili, na ndizo ninazowaomba mzichukue. Ya kwanza: kabla ya kuandika, sema swali kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya mtu. Ya pili: baada ya kuandika, toa SQL iliyozaliwa na uisome. Laravel ina toSql, Knex ina toSQL, Django ina query juu ya kila mkusanyiko wa matokeo. Dakika moja tu.

Hiyo ya kwanza ina mtego wake, nao ni mtego wa lugha yetu.

Meneja anakuja anasema, "Nipe orodha ya wanachama wa Muheza na Korogwe." Amesema "na". Kijana anaandika where wilaya ni Muheza, where wilaya ni Korogwe. Anapata orodha tupu, kwa sababu hakuna mtu ambaye wilaya yake ni zote mbili kwa mara moja. Ile "na" ya meneja inakusanya makundi mawili ya watu. Ile "na" ya hifadhidata inamtazama mtu mmoja na kumdai atimize yote mawili. Ukitaka "na" ya meneja, andika or, au vizuri zaidi whereIn yenye wilaya zote mbili. Hili angalau linajitangaza, maana orodha tupu humshtua kila mtu.

Lisilojitangaza ni la kukanusha. "Nipe wote wasio wa Muheza au Korogwe." Kijana anaandika: wilaya si Muheza, au wilaya si Korogwe. Anapata wote waliojaza wilaya! Mtu wa Muheza si wa Korogwe, kwa hiyo anapita. Mtu wa Korogwe si wa Muheza, naye anapita. Augustus De Morgan, mtaalamu wa hesabu wa Kiingereza wa karne ya 19 aliyezaliwa Madurai, India, alitupa kanuni ya hili: ukanusho ukiingia ndani ya mabano, kila "au" hugeuka "na", na kila "na" hugeuka "au". Usipokumbuka kanuni, tumia whereNotIn, nayo itakukumbukia.

Halafu kuna "na" ya aina ya tatu, ambayo watu wa Django wanakutana nayo zaidi. "Nipe wanachama waliokopa mwaka 2023 zaidi ya milioni moja." Je, ni mkopo mmoja uliochukuliwa mwaka 2023 na ukazidi milioni, au ni mtu aliyewahi kukopa mwaka 2023 na aliyewahi, siku yoyote, kukopa zaidi ya milioni? Katika Django, ukiweka masharti yote mawili ndani ya filter moja unapata maana ya kwanza. Ukiita filter mara mbili mfululizo juu ya jedwali la mikopo, unapata ya pili. Mstari wa msimbo unakaribia kuwa uleule. Watu wanaotokea kwenye orodha ni tofauti.

Sasa niguse masharti ya hiari, maana hapa ndipo viunda swali vinapong'aa. Fomu ya kutafutia ina visanduku sita. Mtumiaji anajaza viwili. Hutaki kuuliza juu ya vinne alivyoviacha. Laravel inakupa when: kama thamani ipo, ongeza sharti, kama haipo, liache. Yii, zana nyingine ya PHP, ina andFilterWhere inayofanya kazi ya namna hiyo, ikiruka kila thamani tupu. Nazipenda zote mbili. Ila zina maswali mawili ambayo lazima ujiulize.

La kwanza: tupu ni nini? Katika PHP, sifuri inahesabiwa kama hakuna kitu, na hata sifuri iliyoandikwa kama maandishi. Mweka hazina anachagua "salio sawa na 0" ili awapigie simu wale ambao hawajaanza kuweka akiba. When inaiona sifuri, inasema hapa hapana kitu, inaliruka sharti, na mama wa watu anapata orodha ya wanachama wote wa kikundi. Anaanza kuwapigia watu wenye mamilioni na kuwaambia hawana akiba. Uliza kama kisanduku kimejazwa, kwa filled au kwa kulinganisha na null, alama ya thamani isiyokuwepo, usiulize kama thamani ni ya kweli.

La pili ni zito zaidi. Je, sharti hili linaruhusiwa kutoweka? Sharti la wilaya likitoweka, mtumiaji anapata majibu mengi kuliko alivyotaka, anachuja tena. Sharti la kikundi_id likitoweka, umefungua kabati la kila mtu. Fikiria mtu ameliandika kwa andFilterWhere kwa kuwa mistari mingine yote iko hivyo na inapendeza ikifanana. Siku ambayo muda wa mtumiaji kuwa ndani ya mfumo umekwisha na kikundi chake kikasomeka kama null, sharti linarukwa kimyakimya. Hakuna hitilafu wala ujumbe mwekundu, na mfumo unajibu vizuri kabisa. Sharti la ulinzi liandikwe kwa namna ambayo thamani ikikosekana, programu isimame na kupiga kelele.

Hata orodha tupu ina maana yake. Mtu hakuweka tiki kwenye kikundi chochote, kisha ukaita whereIn kwa orodha isiyo na kitu. Laravel itaandika 0 = 1, yaani hakuna atakayepita, na hiyo ndiyo tafsiri sahihi: umeniuliza kati ya hawa, na hawa hawapo. Nimeona watu wakiona hilo ni usumbufu na kulizungushia if ili orodha tupu ilete wote. Kwenye kisanduku cha utafutaji sawa. Kwenye orodha ya vikundi ambavyo afisa ameruhusiwa kuviona, hapana. Afisa ambaye hajaruhusiwa chochote asione chochote.

Kuhusu NULL nitapita upesi kwa kuwa wengi mmeshaumia nayo. Ukisema hali si 'amejitoa', wale ambao safu yao ya hali haijajazwa hawataonekana, kwa maana hifadhidata haijui hali yao, na asiyejulikana hapitishwi. Andika pia orWhereNull, na msisahau mabano yake! Na neno "hawajalipa" mlipime kila mara. Kuna aliyeandikiwa malipo yakakwama, na kuna ambaye hana mstari wowote kwenye jedwali la malipo. Huyu wa pili humpati kwa where juu ya malipo. Unamtafuta kwa kutokuwepo, kwa whereNotExists au whereDoesntHave. Kwa kawaida huyu wa pili ndiye meneja anayemtafuta.

Tarehe zinahitaji muda zaidi.

Mtu anasema "tangu tarehe 1 Aprili hadi 30 Aprili". Kijana anaandika whereBetween, '2024-04-01' na '2024-04-30'. Kama safu inabeba tarehe pamoja na saa, ile 30 Aprili inasomwa kama usiku wa manane unaoianza siku hiyo. Malipo yote ya tarehe 30 baada ya hapo yako nje. Nanyi mnajua mwisho wa mwezi ni nini kwa watu wanaosubiri mshahara: ndiyo siku ambayo vikundi vinakusanya kuliko siku nyingine yoyote. Ripoti inaonyesha kikundi kizima hakikulipa siku waliyolipa zaidi.

Wengine hulitibu kwa whereDate, na majibu yanakuwa sahihi. Lakini whereDate inaifunga safu ndani ya funksheni, na katika MySQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, faharasa ya kawaida uliyoijenga juu ya safu hiyo ili mistari ipatikane haraka haitumiki tena. Mashine inafungua kila mstari, inaukata saa, inaulinganisha. Kwenye mistari elfu mbili husikii. Kwenye mistari milioni nne, mtumiaji wa simu mwenye bando la siku moja anangoja mpaka anakata tamaa. Andika kwa mipaka miwili: kubwa kuliko au sawa na mwanzo wa tarehe 1 Aprili, na ndogo kuliko mwanzo wa tarehe 1 Mei. Hakuna dakika inayodondoka katikati, na faharasa inafanya kazi yake.

Sasa, mwanzo wa tarehe 1 Aprili ni wa wapi? Seva nyingi zinatunza saa za UTC, saa za marejeo za dunia, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu. Mwanachama ametuma rejesho kwa simu saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili. Kwenye jedwali imeandikwa tarehe 31 Machi, saa 22:30. Ukichuja kwa mipaka ya UTC, rejesho hilo litahesabiwa Machi, na mtu anayedaiwa la Aprili atatozwa faini akiwa amelipa. Mpaka wako uhesabu kwa saa za Dar es Salaam au Nairobi kwanza, kisha uugeuze kuwa UTC: kuanzia 2024-03-31 21:00, hadi kabla ya 2024-04-30 21:00. Sisi wa pwani tuliolelewa tukiambiwa kwamba usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa yenyewe, tunapaswa kuwa wa kwanza kumuuliza mteja: siku yako inaanza saa ngapi?

Neno la usalama, ambalo kila mzungumzaji hulianzia na mimi nimelichelewesha makusudi. Shambulio la kuingiza SQL kupitia kisanduku lilielezwa hadharani tangu mwaka 1998, na mpaka leo lipo. Kiunda swali kinatusaidia kwa sababu kinatuma sentensi na thamani zikiwa mbalimbali: mahali pa thamani panakaa alama ya kuuliza, na thamani inakuja nyuma yake ikiwa data tupu, haiwezi kugeuka kuwa amri.

Lakini sisi tungejua hili hata kama wezi wasingekuwepo. Chukua majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng'w. Ile alama ya juu katikati ya jina ndiyo hiyohiyo ambayo SQL huitumia kufunga maandishi. Ukiunganisha maneno kwa mkono, mtu mwenye jina hilo akijitafuta, sentensi inakatika katikati ya jina lake na mfumo unaanguka. Nimekuta hifadhidata ambamo waandishi walitatua hilo kwa kufuta alama ile kwenye majina ya watu. Mtu anakwenda kuchukua mkopo, jina kwenye kitambulisho halifanani na jina kwenye mfumo, anarudishwa nyumbani. Jina la mtu lilikatwa ili sisi tusijifunze kufunga thamani vizuri. Hili linaniuma, na nalisema kila ninapopewa nafasi.

Kumbukeni pia kwamba ulinzi huo unahusu thamani tu. Jina la safu haliwezi kuja kama alama ya kuuliza. Ukimwachia mtumiaji achague apange kwa safu gani, na ukalipeleka neno lake moja kwa moja kwenye orderBy au whereRaw, zinazolipokea kama sehemu ya sentensi, umefungua mlango wa nyuma. Weka orodha yako ya safu zinazoruhusiwa, neno lake likitoka nje ya orodha likataliwe. Na kwenye like, alama ya asilimia na ile ya mstari wa chini ambazo mtumiaji ameziandika zina maana ya "herufi zozote" na "herufi moja yoyote", kwa hiyo ziwekewe kinga kabla ya kutumwa.

Turudi kwa wifi.

Baada ya siku ile nilifanya mambo matatu. La kwanza, nilipitia kila orWhere kwenye mradi, moja baada ya nyingine, kwa kalamu. La pili, ukuta wa kikundi niliutoa mikononi mwa mwandishi wa kila ukurasa. Kwenye Eloquent, sehemu ya Laravel inayoshughulikia majedwali, kuna global scope, sharti linaloongezwa kwenye kila swali la jedwali bila wewe kuliandika, na Eloquent yenyewe huyazungushia mabano masharti yako yenye or kabla ya kulifunga hilo. Lakini ukitumia DB::table moja kwa moja, global scope haipo. Kwa hiyo nilishuka mpaka kwenye hifadhidata. PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016, inaruhusu kuweka sera kwenye jedwali lenyewe kwamba mtumiaji huyu anaona mistari ya kikundi hiki tu. Hata mtu akikosea mabano huku juu, kule chini mstari wa jirani hautoki. Angalieni tu kwamba mwenye jedwali hazuiwi na sera hizo mpaka uzilazimishe kwa FORCE, kwa hiyo programu isiingie kwa jina la mwenye jedwali.

La tatu ni jaribio. Natengeneza vikundi viwili, na katika kila kimoja naweka mwanachama mwenye jina lilelile na tarakimu zilezile za mwisho za simu. Kisha naingia kama mweka hazina wa kwanza, natafuta kwa jina, kwa simu, kwa namba ya uanachama, kwa tarehe, kwa kila kisanduku kilichopo na kwa visanduku vyote vikiwa vitupu. Mtu wa kikundi cha pili akijitokeza hata mara moja, msimbo haupandi kwenye seva. Kila kichujio kipya kinachoongezwa kinaongezwa na kwenye jaribio hili. Kama mna muda wa kuandika jaribio moja tu katika mfumo wenu wote, liandikeni hilo.

Sheria nayo imeshafika. Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na wenzetu wa Kenya wana yao ya mwaka 2019. Zisomeni. Ila yule mama aliyekifunika kioo kwa kiganja hakuisoma sheria yoyote. Nilimrudia wiki ile nikiwa na marekebisho, nikamwonyesha, akatafuta tena zile tarakimu nne. Akatokea mtu mmoja tu. Akaniuliza, "Na yeye kule kwao, akitafuta, hanioni mimi?" Nikamwambia hakuoni, mama. Akaniambia nimwonyeshe. Sikuwa na namna ya kumwonyesha bila kuingia kwenye kikundi cha wifi yake, nikamweleza hivyo, akacheka akasema basi sasa kimefungwa kweli.

Tuna saa moja na nusu kabla ya chakula. Fungueni miradi yenu, tafuteni neno orWhere, au alama ya mstari wima kwa watu wa Django, na kila mtakayoikuta itoleeni SQL yake mwisome wawili wawili kwa sauti. Mtakaoikuta iliyo nje ya mabano msiifute bado, niiteni kwanza tuiangalie ilichokuwa inawaonyesha watu. Nitapita meza kwa meza, nikianza na hii ya karibu na dirisha.